Nyama Katika Sinia la Muislamu: Uhalali Wake, Steki, na Yale Yanayosemwa na Watu

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Hapa visiwani kitoweo chetu cha kila siku ni samaki. Nyama, kwa nyumba nyingi, ni chakula cha Ijumaa, cha mgeni, cha harusi na cha Sikukuu. Na pengine kwa kuwa haipikwi kila siku, maneno yaliyoizunguka ni mengi kuliko yaliyomzunguka changu au dagaa. Huyu husema mwanamke hachinji, yule husema mja mzito asile nyama, mwingine husema asiyekula nyama siku arubaini tabia yake huharibika.

Siku hizi limeongezeka na la steki. Kwa muuza nyama neno hili lina maana ya mnofu usio na mfupa. Lakini vijana wetu wanaofanya kazi mahotelini, na ndugu zetu wanaorudi kutoka safari, wameleta nyumbani mapishi mengine: pande zima la sarara linachomwa juu ya moto mkali dakika chache, kisha linaliwa kwa kisu na uma, na pengine katikati bado ni jekundu. Wazee wakiona wekundu ule huuliza: hii si damu? Na damu si haramu?

Tumeona tuyakusanye masuala haya mahali pamoja, ili familia iweze kuyarejea. Penye khitilafu ya wanavyuoni tumeitaja, na kwa kuwa wengi wa watu wa visiwa hivi ni Shafii, tumetanguliza kauli ya madhehebu hayo. Penye jambo la afya tumelieleza kama linavyojulikana na wataalamu wake.

1. ASILI NI HALALI

Suratul Maida inafunguka kwa kuwahalalishia Waumini wanyama wa mifugo, kisha aya ya 3 inataja vilivyoharamishwa: mzoga, damu, nyama ya nguruwe, kilichochinjwa kwa jina lisilokuwa la Allah, na mnyama aliyekufa kwa kunyongwa, kupigwa, kuanguka, kupigwa pembe au kuliwa na mnyama mkali, isipokuwa akiwahiwa kuchinjwa angali hai. Aya ya 5 ya sura hiyo hiyo inahalalisha chakula cha Ahlul Kitabi, yaani Mayahudi na Manasara.

Wala nyama ya kuchoma si jambo geni katika dini. Nabii Ibrahim (A.S.) alipofikiwa na wageni asiowajua, ambao walikuwa Malaika, aliwaletea ndama wa kuchoma, kama ilivyotajwa katika Suratu Hud aya ya 69. Kwa hiyo mwenye uwezo wa kununua pande la sarara na kulichoma kwa ajili ya watu wake hana lawama. Lawama huja kwa namna nyama ilivyopatikana, kwa kiasi kinacholiwa, na kwa wanaosahauliwa wakati wa kula.

Masharti ya kuchinja kwa ufupi ni haya:

Mchinjaji awe Muislamu au Ahlul Kitabi, mwenye kupambanua mambo.

Kifaa kiwe kikali chenye kukata, si jino wala kucha, kama ilivyokuja katika Hadithi ya Rafi' bin Khadij (R.A.) iliyomo katika Bukhari na Muslim.

Likatwe koromeo la pumzi na koo la chakula. Katika madhehebu ya Shafii hivi viwili ni lazima, na kukata mishipa miwili ya damu ya shingoni ni katika ukamilifu.

Mnyama awe na uhai uliothubutu wakati kisu kinapopita.

Litajwe jina la Allah. Wanavyuoni wengi wamesema ni wajibu kwa mwenye kukumbuka. Shafii wamesema ni sunna iliyotiliwa nguvu, na kuiacha makusudi ni makuruhu. Wote wamekubaliana kwamba kilichochinjwa kwa jina la mwengine asiyekuwa Allah ni haramu.

Juu ya hayo kuna ihsani. Katika Hadithi ya Shaddad bin Aws (R.A.) iliyopokewa na Muslim, Mtume (S.A.W.) ameamrisha mchinjaji anoe kisu chake na amstareheshe mnyama wake. Ng'ombe aliyevushwa bahari kutoka bara, akashushwa bandarini na kuburuzwa moja kwa moja hadi machinjioni, hajastareheshwa. Apewe maji, apumzike, asinolewe kisu mbele ya macho yake, wala asichinjwe mwenziwe huku anaangalia.

2. YANAYOSEMWA KUHUSU KUCHINJA

"Mwanamke hachinji." Si kweli. Imethubutu katika Bukhari kwamba kijakazi wa Ka'b bin Malik (R.A.) alimuona mbuzi anataka kufa, akavunja jiwe na kumchinja kwalo, na Mtume (S.A.W.) alipoulizwa akaamrisha aliwe. Wanavyuoni wamechukua hapo kwamba mwanamke akichinja ni sahihi, awe tohara au yumo katika hedhi. Kwa hiyo mama aliye peke yake nyumbani na kuku wake hana haja ya kusimama barabarani kumsubiri mwanamme apite.

"Asipoelekezwa kibla ni haramu." Kuelekea kibla ni sunna. Aliyesahau au asiyejua kibla kiko upande gani, alichochinja ni halali.

"Kichwa kikikatika chote ni mzoga." La. Kuendelea kukata hadi kichwa kitoke ni makuruhu kwa kuwa ni kumzidishia mnyama maumivu, lakini nyama inabaki kuwa halali.

"Nyama ya dukani haifai kwa kuwa hatukumuona mchinjaji." Bibi Aisha (R.A.) ameeleza kwamba watu walimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu nyama wanazoletewa na jamaa wasiojua kama walitaja jina la Allah au hawakulitaja. Akawaamrisha walitaje wao, kisha wale. Imepokewa na Bukhari. Katika mji wa Waislamu, nyama inayouzwa na Waislamu inachukuliwa kuwa ni halali mpaka ithibiti kinyume chake. Kumfuatilia kila muuza nyama kwa dhana tu ni kujitia katika wasiwasi.

"Ng'ombe anayekufa akiwahiwa tu, basi mambo yamekwisha." Hili linataka uangalifu kuliko yote yaliyotangulia. Ni kweli kwamba mnyama aliyewahiwa angali na uhai akachinjwa kisheria, si mzoga. Alama zake ni kutikisika na damu kububujika. Lakini uhalali wa kuchinja hauondoi swali la pili: kwa nini alikuwa anakufa?

Yako maradhi ya mifugo yanayomuua na mwanaadamu. Kimeta ni mojawapo. Mnyama aliyekuwa mzima jana huanguka ghafla, na pengine damu hutoka puani au sehemu ya haja na haigandi. Vijidudu vya kimeta vikikutana na hewa hugeuka kuwa mbegu ngumu zinazostahimili joto na kukaa ardhini miaka mingi, kwa hiyo kupika si kinga ya kutegemewa, na aliyemchuna anaweza kuugua hata kabla hajala. Homa ya Bonde la Ufa nayo huambukizwa kwa kugusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa.

Mnyama wa namna hiyo asichinjwe, asipasuliwe, wala nyama yake isigawiwe jirani kwa bei ya kutupa. Aitwe daktari wa mifugo. Tunajua uchungu wa mfugaji anayeona mtaji wake unalala chini. Lakini katika misingi ya sheria yetu ni kwamba hapana kudhuru wala kulipizana madhara, na kumlisha Muislamu mwenzako ugonjwa kwa kuokoa thamani ya ng'ombe ni dhulma. Muhuri wa mkaguzi wa nyama unaouona pajani kwa ng'ombe dukani umewekwa kwa sababu hii. Na pale pasipo muhuri, uliza.

3. WEKUNDU WA STEKI SI DAMU

Hili ndilo suala linaloulizwa zaidi, nalo lina jawabu mbili zinazokutana.

Jawabu ya sheria ni kwamba damu iliyoharamishwa imefafanuliwa katika Suratul An'am aya ya 145: ni damu inayomwagika, ile inayotoka kwa nguvu wakati wa kuchinja. Kinachobaki ndani ya mnofu na mishipa midogo baada ya hapo kimesamehewa. Ndiyo maana hatukuamrishwa kuikamua nyama, na chungu kikitoa povu jekundu hatukimwagi. Ini na wengu, ambavyo kwa kuangalia ni kama damu iliyoganda, vimehalalishwa kwa Hadithi ya Ibn Umar (R.A.) iliyopokewa na Ahmad na Ibn Majah.

Jawabu ya elimu ya chakula ni kwamba maji mekundu yanayotoka kwenye steki kwa sehemu kubwa si damu hata kidogo. Ni maji ya mnofu yaliyochanganyika na protini iitwayo mayoglobini, ambayo kazi yake ni kuhifadhi hewa ya oksijeni ndani ya misuli. Ng'ombe ana mayoglobini nyingi, ndiyo maana nyama yake ni nyekundu. Kifua cha kuku kina kidogo, ndiyo maana ni cheupe. Ikipata moto, mayoglobini hubadilika rangi kutoka wekundu hadi kahawia.

Kwa hiyo steki yenye wekundu katikati si haramu kwa ajili ya wekundu wake. Uhalali wa nyama unatokana na kuchinjwa, si na kuiva. Linalobaki ni suala la afya.

Vijidudu vinavyodhuru, katika pande zima la mnofu, hukaa zaidi juu, mahali palipoguswa na kisu na mikono. Moto mkali huviua hapo. Nyama ya kusaga ni habari nyingine, kwa sababu kilichokuwa juu kimechanganywa na kilichokuwa ndani. Mamlaka za chakula za Marekani zinashauri pande zima la ng'ombe lifikie nyuzi joto 63 za selsiasi ndani, kisha liachwe dakika 3 kabla ya kukatwa. Kima, kababu na baga zifikie nyuzi 71, na kuku nyuzi 74. Asiye na kipimajoto, na hao ni wengi wetu, apike mpaka wekundu uishe na maji yatoke meupe.

Juu ya hivyo kuna tegu wa ng'ombe, mnyoo unaopatikana kwa kula nyama ya ng'ombe mbichi au isiyoiva. Huyu hukaa ndani kabisa ya mnofu, hakai juu, na kinga yake ni ukaguzi machinjioni na kuiva vizuri. Mja mzito, mtoto mdogo, mzee sana na mwenye maradhi yanayopunguza kinga ya mwili wasipewe nyama yenye wekundu hata kama imetoka katika hoteli kubwa.

4. YA JIKONI

"Ndimu inaua vijidudu." Ndimu huondoa shombo na huongeza ladha. Haitoshelezi kuua vijidudu. Kinachoua ni moto. Na kuiosha nyama kwa maji mengi kwenye karai hurusha matone machafu juu ya kachumbari iliyo pembeni. Ubao na kisu kilichokata nyama mbichi kioshwe kwa sabuni kabla ya kukata tungule na matango.

"Kuibabua nyama kwa moto mkali kunafunga maji yasitoke." Maelezo haya yalienezwa na mwanakemia wa Kijerumani Justus von Liebig katika karne ya 19, na yamekwisha kupimwa na kuonekana si sahihi. Nyama iliyobabuliwa hutoa maji kama kawaida, na ushahidi ni ule mlio wa kuchachatika kikaangoni. Faida ya kubabua ni harufu na ladha ya ganda la kahawia, na hiyo peke yake inatosha kuwa sababu.

"Papai bichi linalainisha nyama." Hili ni kweli, na bibi zetu walilijua kabla ya maabara. Utomvu wa papai bichi una kimeng'enya kiitwacho papaini kinachovunja protini. Saa moja au mbili zatosha kwa mishikaki. Ukiiacha usiku kucha mnofu huwa kama uji. Na kwa kuwa ng'ombe wetu wengi ni wenye kutembea na kufanya kazi, nyama yao ni ngumu. Sarara ndiyo inayofaa kuchomwa haraka kama steki, kwa kuwa msuli wake haufanyi kazi kubwa. Paja na mkono vinataka chungu, moto mdogo na subira.

"Sehemu zilizoungua ndizo tamu." Utamu haukatazwi, lakini mafuta yanapodondokea makaa, moshi wake hupandisha juu ya nyama kemikali zinazohusishwa na saratani, na sehemu zilizokuwa nyeusi kama mkaa huwa nazo pia. Geuza mara kwa mara, punguza mafuta, na zilizoungua kabisa zikate uzitupe.

5. HADITHI ZINAZOSAMBAZWA

Yako maneno yanayopita katika simu zetu kwa jina la Mtume (S.A.W.), na si haki kumsingizia.

Kwamba nyama ni bwana wa vyakula vya watu wa duniani na Peponi: imo katika Sunan Ibn Majah, lakini isnadi yake ni dhaifu mno kwa wataalamu wa Hadithi.

Kwamba asiyekula nyama siku arubaini tabia yake huharibika: hayakuthubutu kutoka kwa Mtume (S.A.W.). Bibi Aisha (R.A.) amesimulia, katika Bukhari na Muslim, kwamba ilikuwa miezi ikiandama mmoja baada ya mwengine na katika nyumba za Mtume (S.A.W.) haukuwashwa moto wa kupikia, chakula chao ni tende na maji. Na nani mwenye tabia njema kuliko wao?

Kwamba nyama isikatwe kwa kisu wakati wa kula: imo katika Abu Dawud, na yeye mwenyewe ameashiria kuwa haina nguvu. Iliyo sahihi ni Hadithi ya 'Amr bin Umayya (R.A.) katika Bukhari, kwamba alimuona Mtume (S.A.W.) akikata bega la kondoo kwa kisu, akaitwa kwenye Sala, akakiweka kisu chini akaenda kusali bila ya kutawadha upya. Hadithi hii inajibu mawili: kukata nyama kwa kisu mezani kunajuzu, na kula kilichopikwa kwa moto hakuvunji udhu.

Inabaki nyama ya ngamia, ambayo ndugu zetu walioko Oman na Ghuba huila sana. Katika madhehebu ya Hanbali inavunja udhu, kwa Hadithi ya Jabir bin Samura (R.A.) iliyomo katika Muslim. Kauli inayotegemewa kwa Shafii ni kwamba haivunji, ijapokuwa Imamu Nawawi, naye ni Shafii, ameona dalili ya kutawadha ina nguvu zaidi. Anayetawadha amejitoa katika khitilafu.

6. NANI ANAPEWA, NANI ANANYIMWA

Hapa ndipo imani zinapoumiza watu.

Wapo wanaomkataza mwari wao mja mzito kula nyama, kwa kuogopa mtoto kuwa mkubwa tumboni na uzazi kuwa mgumu. Na wakati huo huo anaambiwa kliniki kwamba damu yake ni ndogo. Mja mzito anahitaji madini ya chuma kuliko wakati mwengine wowote, na chuma kilichomo katika nyama hufyonzwa na mwili kwa wepesi kuliko kile cha mboga na kunde. Upungufu mkubwa wa damu humuweka katika hatari wakati wa kujifungua, na mtoto huweza kuzaliwa na uzito mdogo. Kwa hiyo mama mkwe mwenye kumpenda mke wa mwanawe amkatie kipande kizuri kilichoiva vyema. Hilo ni katika kuhifadhi nafsi, na kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makubwa ya sheria.

Maini yana hesabu yake. Ni kweli yana chuma kingi. Lakini yana vitamini A kwa kiasi kikubwa mno, na ikizidi huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mja mzito asifanye maini kuwa dawa ya damu. Ale nyama ya kawaida, samaki na kunde, na atumie vidonge alivyopewa kliniki.

Kisha kuna desturi ya sinia. Katika baadhi ya nyumba minofu hupelekwa barazani kwa wanaume na wageni, na watoto hupewa mchuzi kwa imani kwamba "nguvu yote imo kwenye mchuzi." Mchuzi una ladha, chumvi na mafuta; protini kwa sehemu kubwa imebaki katika mnofu. Gramu 100 za nyama ya ng'ombe iliyopikwa, isiyo na mafuta mengi, zina kiasi cha gramu 25 za protini, na vitamini B12 ya kumtosha mtu mzima kwa siku. Anayekua ni mtoto. Mgeni ana haki yake, na waswahili wamesema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mwenyeji huyo ni pamoja na mtoto wa miaka miwili aliyeko jikoni. Mnofu ukatwe vipande vidogo, mtoto apewe.

Kwa nyumba isiyopata nyama, hakuna kilichopotea. Samaki, dagaa, mayai, maziwa, choroko na maharage vinalea. Ukila kunde, kula na ndimu au embe, kwa kuwa vitamini C husaidia mwili kufyonza chuma. Na chai ya rangi uichelewesha kidogo, kwa kuwa huzuia ufyonzaji huo.

7. KIASI

Upande wa pili wa neema ni kuzidisha. Mwezi Oktoba 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka nyama iliyosindikwa, kama soseji na nyama za kopo, katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Wataalamu hao walikadiria kwamba kila gramu 50 za nyama iliyosindikwa zinazoliwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Nyama nyekundu ya kawaida iliwekwa katika kundi la vinavyoelekea kuwa hivyo.

Hii haina maana kwamba nyama ni sumu. Mfuko wa kimataifa wa utafiti wa saratani unashauri nyama nyekundu isizidi gramu 350 hadi 500 kwa wiki, ikiwa imekwisha kupikwa, yaani kama milo mitatu. Na nyama ya mbuzi ni nyama nyekundu pia. Ina mafuta machache kuliko ya ng'ombe, lakini anayesema mbuzi haingii hesabuni amekosea. Mwenye jongo, maradhi ya figo, presha au lehemu amsikilize daktari wake, na asijidanganye kwamba nyama ya Sikukuu haidhuru kwa kuwa ina baraka.

Mapema zaidi ya tafiti zote hizi, katika Suratul A'raf aya ya 31, tumeruhusiwa kula na kunywa na tukakatazwa israfu katika amri moja.

8. UKILA NJE YA NYUMBA

Steki ya hotelini ina masuala yasiyokuwepo katika steki ya nyumbani.

Uliza kuhusu mchuzi wake. Mapishi mengi ya kizungu hutia mvinyo kwenye sosi, na husemwa kwamba pombe yote huruka kwa moto. Hairuki yote, hubaki kiasi kulingana na muda wa kupika. Na hata ikiruka, kwa kauli ya wanavyuoni wengi pombe ni najisi, na chakula kilichotiwa kimekwisha kunajisika.

Uliza kuhusu kikaango na chuma cha kuchomea. Kama hapo hapo huchomwa nguruwe, najisi yake kwa Shafii ni nzito, na husafishwa kwa kuoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Kuomba kikaango chako mbali si kumsumbua mpishi, ni haki yako.

Ukiwa Ulaya au Marekani, wanavyuoni wamekhitalifiana kuhusu nyama ya madukani, kwa kuwa wachinjaji hawajulikani dini zao na wanyama hupigwa umeme au chuma kichwani kabla ya kuchinjwa. Kanuni ni moja: mnyama akifa kwa pigo hilo kabla ya kisu, ni mzoga, hata angechinjwa na nani. Palipo na duka la Waislamu linaloaminika, kununua hapo ni salama zaidi kwa dini yako. Paliposhindikana, samaki hawana masharti haya.

Mezani, desturi ya kizungu ni uma kushoto na kisu kulia, na mtu hula kwa kushoto. Sisi tumeamrishwa kula kwa mkono wa kulia. Kata vipande vyako kwanza, weka kisu chini, hamishia uma mkono wa kulia, piga Bismillahi, kula. Hakuna atakayekufukuza. Na steki isipokupendeza, iache bila ya kuitia ila, kwa kuwa Mtume (S.A.W.) hakuwa akikitia ila chakula: akikitamani alikila, na akikichukia alikiacha.

HITIMISHO

Imamu Malik amepokea katika Muwatta kwamba Sayyidna Umar (R.A.) alikutana na Jabir bin Abdallah (R.A.) amebeba nyama. Alipomuuliza, Jabir akamueleza kwamba walikuwa na hamu ya nyama, akanunua ya dirhamu moja. Nyama ile ilikuwa halali na pesa ni zake, lakini Umar alimkumbusha jirani na mtoto wa ami yake: kwa nini mtu asilibane tumbo lake kwa ajili yao?

Hilo ndilo tunalotaka libaki. Tumeuliza sana juu ya wekundu wa steki na upande wa kibla, na ni vyema kuuliza. Lakini harufu ya nyama inayochomwa haina ukuta. Inafika kwa mjane wa nyumba ya pili, na kwa watoto ambao mara ya mwisho kula nyama ilikuwa Sikukuu. Mtume (S.A.W.) alimuusia Abu Dharr (R.A.), kama ilivyo katika Muslim, kwamba akipika mchuzi azidishe maji na awaangalie majirani zake. Asiyeweza kugawa sarara anaweza kugawa bakuli la mchuzi, na ajitahidi kutia na kipande cha mnofu ndani yake.

Tunamuomba Allah aturuzuku kilicho halali na kizuri, na atuepushe na israfu na ubakhili. Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.